Mkoba wa Levina

Jumatatu asubuhi Fulgensi alikuwa kwenye kibanda chake karibu na soko la Ifakara, akimjazia mteja flashi. Mteja alitaka filamu za mapigano. Fulgensi alimwekea za mapigano, akaongeza mbili za mapenzi ambazo mteja hakuziomba, kwa sababu aliamini mtu akiangalia ngumi tupu wiki nzima hata chai haimkolei. Ndivyo kibanda kile kilivyoendeshwa. Watu walikuja na flashi na simu zao, wakataja wanachotaka, wakaondoka nacho pamoja na alichokitaka Fulgensi.

Alikuwa na maoni juu ya kila kitu kilichowahi kupita kwenye kompyuta yake. Kuhusu Bongo Fleva, alisema vijana wanaomba msamaha wimbo mzima na hadi leo hakuna aliyetaja kosa. Kuhusu filamu, alisema mama mkwe asipoingia mapema, usihangaike kumaliza. Mastaa wakiachana, alishinda hana hamu ya kula. Na wimbo ukisema mpenzi wangu, alipenda kwamba haukuuliza mpenzi huyo ni nani. Kila msikilizaji aliweka wake, na Fulgensi alikuwa na wa kwake.

Juu ya wote alimweka Levina. Waigizaji wengine walilia kwa mabega na kelele. Levina alilia kwa jicho moja, la kushoto, taya ameikaza, mithili ya mtu aliyekatazwa kulia. Karibu katika kila filamu alikuwa kimada anayekuja kwenye msiba wa mwanamume aliyempenda, amevaa miwani myeusi, na ndugu wa marehemu wanamfukuza. Watazamaji wa Ifakara walishangilia akifukuzwa. Fulgensi hakushangilia. Kwa macho yake, huyo ndiye aliyekuwa mfiwa, na wengine wote pale walikuwa wamekuja kula wali.

Flashi ilikuwa imefika nusu simu yake ilipoleta habari kwamba Levina amefariki Dar es Salaam, kwa ugonjwa wa moyo. Fulgensi alimaliza kumhudumia mteja. Kabla hajafunga kibanda ikaingia simu kutoka Michenga. Pawatila, trekta ndogo ya kushika kwa mikono, ilikuwa imemlalia Teofili kwenye mfereji wa shamba, na Teofili hakupona.

Teofili aliendesha pawatila, na kwa miaka tisa alikuwa mpenzi wa Fulgensi. Walijuana hapo hapo kibandani, siku Teofili alipoleta flashi ya nyimbo za shambani, maana alikuwa amefunga spika kwenye pawatila yake. Tangu hapo mashamba mengi ya Michenga yalilimwa kwa nyimbo alizochagua Fulgensi. Jumamosi waliangalia filamu za Levina chumbani kwa Fulgensi, sauti ikiwa chini. "Wanamfukuza tena?" Teofili aliuliza kila mara, kisha akanyamaza hadi mwisho. Jumapili baada ya misa walikula kwa Mama Aurelia, mama yake Teofili. Mama huyo alimwita Fulgensi mwanangu, na alimwekea ukoko pembeni ya sahani kwa kuwa alijua anaupenda. Hakuuliza kitu, wala hakuambiwa kitu.

Fulgensi alikaa mbele ya kibanda akalia. Watu wa sokoni walimjia mmoja mmoja.

"Pole sana, kaka. Tunajua ulivyompenda Levina."

Aliitikia asante. Muuza vitumbua alimletea chai. Dada wa saluni ya jirani alitundika kitambaa cheusi kwenye mlango wa kibanda bila kuombwa. Ifakara nzima ilimpa pole, na pole zote zilikuwa za Levina.

Jioni alikwenda Michenga. Salvatory, kaka mkubwa wa Teofili, alimpokea njiani, hajafika hata kwenye turubai.

"Tunashukuru umefika," alisema Salvatory. "Ila mkekani ni ndugu tu. Na siku ya kuzika usisogee kaburini. Watu wanaongea, Fulgensi, na mimi nina watoto wanaosoma hapa hapa."

"Nataka nitupe udongo tu, kaka."

"Udongo utatupwa," Salvatory alimjibu.

Jumatano asubuhi Levina alishuka kwenye treni akiwa na mkoba mmoja, akakodi bajaji hadi sokoni. Alikuwa bado na rangi ya filamu yake ya mwisho, iliyopauka kidogo. Popote alipokwenda kinanda kilimfuata taratibu, kile kinachopigwa mtu akikaribia kusema jambo la uchungu. Dereva wa bajaji alimwomba akipunguze, maana hasikii honi za nyuma. Levina alijitahidi.

"Pole na safari, dada," alisema Fulgensi, akimpangusia kiti.

"Nimeshapoa." Levina aliuweka mkoba mezani. Ulikuwa mzito na ulivuja kwenye pembe moja. "Kule nimeletewa machozi ya mashabiki, nimeyapokea, nashukuru. Haya ya mkobani yalikuja yananuka mpunga. Nimeyaonja, kaka yangu, na si yangu. Mtu halii hivi kwa ajili ya mwigizaji."

Fulgensi aliutazama mkoba. Hakuwa amewahi kulisema jambo hilo mbele ya mtu, na aliona ni rahisi zaidi kumwambia mtu aliyekwisha kufa.

"Ni ya Teofili," alisema. "Mpenzi wangu."

"Anazikwa lini?"

"Leo mchana."

"Basi funga kibanda," alisema Levina.

Watu wa Michenga walimpokea vizuri. Walikuwa wamemwona kwenye televisheni zao miaka mingi, hivyo waliona kwamba kufika kwake ni jambo la haki tu, na pengine alichelewa. Kina mama walisogea, wakampa kiti cha plastiki chenye mikono. Vijana walipiga naye picha. Katekista alimuuliza kama alipata sakramenti kabla ya kufa. Levina akasema alipata, na katekista akaridhika. Fulgensi alisimama kwa wapishi, karibu na rundo la kuni.

Levina alipiga magoti mbele ya Mama Aurelia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Pole kwa yaliyokukuta."

"Asante, mama. Nimemsindikiza mfiwa. Yule pale. Naomba akae hapa mkekani pamoja na wewe."

Mama Aurelia alimtazama Fulgensi. Midomo yake ilifunguka. Kisha akamwangalia Salvatory, akaifumba midomo, akaanza kuuvuta ukingo wa kitenge chake.

Salvatory alijibu kwa adabu. "Dada Levina, umetoka mbali, wewe ni marehemu na tunakuheshimu. Ila unaloliomba haliwezekani. Mambo ya namna hiyo hayajawahi kuonekana hapa kwetu." Kinanda kikapanda. "Na hicho kinanda, kama unaweza, kishuke padri akianza."

Kinanda kilishuka. Padri alisoma, jeneza likateremshwa, kaburi likafukiwa hadi likabaki tuta, na Silvano, mshereheshaji, akashika kipaza sauti kuita watu waweke mashada. Aliita mama mzazi. Aliita kaka na dada, wajomba, wanakwaya, wenye pawatila wenzake na Teofili, majirani. Kila kundi lilipotajwa Fulgensi alisikia mguu wake ukitaka kwenda, akauzuia. Makundi yote yakaisha.

"Sasa namwita mgeni wetu kutoka Dar es Salaam," alisema Silvano, "ambaye naye ametangulia mbele ya haki Jumatatu hii hii."

Levina aliinuka na shada, akapita kwanza kwenye rundo la kuni.

"Nishikie mkoba," alimwambia Fulgensi. "Nimwambie nini?"

Usiku kucha Fulgensi alikuwa amewaza maneno makubwa, yale ya kwenye nyimbo. Yote yalikuwa yamemtoka. "Mwambie nyimbo za wiki hii nilishampangia," alisema.

Levina alikwenda kaburini. Alichota udongo kwa kiganja na kuutupa, akaweka shada, akainama na kusema kwa sauti ya chini. Jicho la kushoto likatoa chozi. Kisha la kulia nalo likatoa, jambo ambalo halijaonekana katika filamu yake hata moja. Fulgensi aliligundua hilo hapo hapo, na aliona aibu kuligundua kwa wakati ule. Turubai zima lililia. Wale wale waliowahi kushangilia akifukuzwa walishikana mabega, simu wakiwa wamezinyanyua juu. Mkoba ulivuja kwenye viatu vya Fulgensi, na ndivyo alivyomzika Teofili, akiwa mbali kiasi cha kutosikia hata udongo ukianguka.

Jioni Levina alirudi stesheni. Fulgensi alimnyooshea mkoba, akaukataa.

"Huo ni wako," alisema. "Ningekuwa hai ningekukalisha mkekani kwa nguvu. Maiti hasukumi mtu." Akapanda treni, na kinanda kikasikika hadi behewa la mwisho lilipopotea.

Kufikia Alhamisi kila mtu alikuwa na video ya Levina akilia Michenga. Watu walipanga foleni kibandani kuitafuta iliyo safi zaidi. Upande wa kushoto alionekana mwanamume amekumbatia mkoba.

"Huyu aliyeshika mkoba ni nani?" mteja mmoja aliuliza.

"Si Fulgensi huyu hapa," akajibiwa na mwenzake. "Alikuwa msaidizi wake."

Ijumaa akaja Salvatory na flashi mpya, bado iko kwenye karatasi yake.

"Mama anataka iwe kumbukumbu ya familia," alisema. "Jitoe humo. Na hiyo utakayoisafisha ndiyo uwape watu."

Fulgensi angeweza kukataa. Lakini Mama Aurelia ndiye aliyetajwa, na hakuna mtu mwingine Ifakara aliyejua kazi ile. Alijifuta picha baada ya picha, akaanza na viatu, akafuata shati, mwisho uso. Mkoba haukufutika. Alijaribu njia zote alizozijua, ukabaki unaning'inia hewani, usawa wa kiwiko cha mtu, ukidondosha.

Salvatory aliangalia video hadi mwisho. "Sasa imekaa vizuri," alisema.

Baada ya siku chache simu za watu zilianza kulowana kwenye pembe ya kushoto. Mafundi simu wa mjini walizifungua, hawakuona hitilafu, wakashauri zilazwe kwenye mchele. Mchele haukosekani bonde la Kilombero. Kila nyumba ikawa na bakuli lenye simu ndani, kuanzia Michenga hadi Mang'ula, na wapo waliosema hata Chita. Asubuhi watu walizichomoa, wakaangalia tena video, wakalia kidogo, wakazirudisha. Hakuna aliyeifuta. Hakuna pia aliyeuliza juu ya mkoba ulioning'inia wenyewe, maana waliuzoea tangu mara ya kwanza walipouona. Mchele nao haukutupwa. Ulipikwa, na wapishi wakajifunza kutotia chumvi.

Siku ya arobaini ya Teofili, Salvatory alimwomba Fulgensi alete spika. Zake zilikuwa nzuri kuliko za wengine wote, na shughuli ilihitaji muziki wa taratibu. Fulgensi akaja, akakaa nyuma ya spika kubwa, mahali ambapo mtu haonekani kutoka kwenye turubai. Alizipiga zile nyimbo alizompangia Teofili, kwa mpangilio ule ule. Watu walisema nyimbo zimechaguliwa na mtu anayejua. Yeye alikuwa akimkumbuka Teofili kiasi kwamba baadhi ya nyimbo hakuzisikia.

Wali uliliwa na kusifiwa. Katekista aliuliza umepikwa na nani, akaongeza sahani ya pili.

Wageni walipokwisha kula, Mama Aurelia alizunguka nyuma ya spika akiwa na sahani iliyofunikwa. Ndani kulikuwa na wali, na pembeni ukoko. Alisimama mbele ya Fulgensi, sahani mkononi, kwa muda wa kutosha wimbo mzima kuisha. Alitazama nyuma kuelekea turubai.

"Karibu chakula, fundi," alisema.

"Asante, mama."

Fulgensi alionja, akajua chumvi ya wali ule ilikotoka. Akala wote, akatafuna na ukoko, kisha akaweka wimbo uliofuata.