Chumvi ya Nyuma ya Ghala

Kiwandani walimwita Mama Mizani, maana kwa miaka kumi na mitano hakuna aliyegusa mizani ya unga mweupe ila yeye. Kila asubuhi alivaa glavu, akafungua pipa lenye picha ya fuvu, akapima gramu sitini za unga wa iodini kwa kila tani ya chumvi, akauyeyusha kwenye ndoo ya maji na kuumimina katika bomba la kunyunyizia. Chumvi ilipita chini ya bomba, ikalowa, ikakaushwa, ikaingia kwenye pakiti zilizoandikwa kwa herufi kubwa: ina madini joto.

Chumvi hiyo yeye hakuwahi kuila.

Wafanyakazi walikuwa na yao. Nyuma ya ghala palikuwa na lundo la chumvi ghafi, bado haijafika kwenye bomba, na kila Ijumaa msimamizi aliruhusu kila mtu achote kilo mbili za bure. Ya pakiti ilihesabiwa, ya lundo haikuhesabiwa na mtu. Ukarimu huo ulianza mwaka ule walipogoma kudai buti na glavu kwa wote. Wakapozwa kwa chumvi, na habari ya buti ikafa hapo hapo. Waliosahau wamesahau, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Tena walijivunia. "Sisi tunakula chumvi safi, haijaguswa," alisema mpiga sepetu waliyemwita Domo, huku akijaza mifuko. "Ya pakiti waachie wasiojua kinachotiwa. Mama Mizani, kama si sumu, mbona unavaa glavu?"

"Navaa nisishike mkono wako, Domo."

Wakacheka mpaka wengine wakakaa chini. Msimamizi naye alicheka. Mke wake alinunua ya pakiti, dukani, lakini hilo hakulisema.

Basi Mama Mizani alimlea binti yake kwa chumvi ya lundo. Binti akakua, akaolewa na dereva wa lori ambaye nyumbani alipita kama mgeni, hivyo akabaki kuishi kwa mama yake, akazaa mtoto wa kike. Mtoto akafika miaka minne bila kutamka hata "mama", bila kugeuka akiitwa. Majirani walisema ni mzito tu, atachangamka. Kisha binti akapata mimba ya pili, na ilipotimu miezi saba Mama Mizani akamburuta kliniki.

Nesi alimpima tumbo, halafu mkono ukapanda shingoni ukakaa hapo.

"Dada, uvimbe huu una muda gani?"

"Tangu mimba ya kwanza. Si kunenepa tu, nesi?"

"Unenepe shingo peke yake? Hili ni rovu. Nyumbani mnatumia chumvi gani?"

Mama Mizani alijibu kwa majivuno. "Ya kiwandani. Mimi mwenyewe ndiye ninayeitia dawa."

"Niletee kidogo."

Kesho yake aliileta imefungwa kwenye karatasi. Nesi akadondosha juu yake tone la dawa ya kupimia. Wakangoja. "Ingekuwa na iodini ingegeuka zambarau," nesi alisema. "Hii ni nyeupe vile vile."

Mama Mizani aliinama kuitazama kwa karibu. Miaka kumi na mitano amewatilia dawa watu asiowajua, na mlangoni kwake hakuna iliyoingia hata chembe.

"Yule mkubwa," aliuliza, "asiyesema…"

"Inawezekana ni hii. Siwezi kuapa, mama. Lakini huyu wa tumboni bado tunaye. Leo hii nunueni ya pakiti, na barua hii mpeleke hospitali kubwa wakampime damu. Msiongeze kitu kingine. Mwili hautaki nyingi: iodini ya maisha yote ya mtu haijazi kijiko cha chai."

Hospitali kubwa ilikuwa safari ya siku nzima, na binti asingeiweza peke yake. Msimamizi alikataa kumpa Mama Mizani ruhusa: pipa litapimwa na nani? Barua ikabaki juu ya kabati. Pakiti ilinunuliwa, ndiyo, lakini Mama Mizani aliitazama akaona inachelewa. Miezi saba imekwisha kupita mikono mitupu. Na unga wenyewe, wa nguvu kuliko pakiti elfu, ulikuwa mbele yake kila siku, pua kwa pua.

Aliiba kidogo, akaufunga kwenye pindo la kanga. Kila alfajiri akatia kibano cha vidole viwili kwenye uji wa binti yake. Kibano ni kiasi gani? Kwa tani nzima alijua gramu sitini bila kuangalia karatasi. Kwa mtu mmoja hakuna aliyewahi kumfundisha, na katika miaka yote hiyo hakuna bosi aliyeona haja.

"Mama, uji huu una ladha ya misumari," binti alilalamika.

"Mjamzito huona kila kitu kichungu. Kunywa, mwanangu."

Alikunywa. Wiki ya tatu akaanza kutapika, mate yakamjaa mdomoni, moyo ukamwenda mbio hata amelala. Wakamrudisha kliniki kwa mkokoteni wa jirani.

"Amekula nini?" nesi aliuliza.

Mama Mizani akakaza fundo la pindo la kanga. Kuchota kwenye pipa ni kufukuzwa siku hiyo hiyo. Hilo lilibandikwa ukutani kiwandani. Na binti alikuwa amelala pale, anamtazama kwa macho ya mtu anayemtegemea mama yake aseme jambo.

"Mama, nikikosea kumtibu watakufa wawili. Amekula nini?"

"Unga wa pipa," alisema. "Mimi ndiye. Kila asubuhi, wiki tatu."

Nesi alifumba macho kidogo. "Tezi ya shingo ikikosa iodini, inavimba. Ikimiminiwa kupita kiasi, inajifunga, ya mama na ya mtoto. Nilikuambia usiongeze!" Kisha akaacha kufoka, akapiga simu kutafuta gari.

Binti aligeukia ukutani.

Mtoto alizaliwa hospitali kubwa kabla ya siku zake, wa kike, na uvimbe shingoni kama yai. Alipumua kwa mluzi. Walimwekea hewa siku sita. Daktari alisema shingo itanywea, na kidonge atakimeza kila siku, pengine miezi, pengine miaka. Kuhusu akili alikataa kuahidi. Mtoto alikosa iodini kwa miezi saba, akazidishiwa kwa wiki tatu. "Siwezi kukuambia lipi limefanya nini," alisema.

Habari ilifika kiwandani, wakamfukuza Mama Mizani kwa wizi wa mali ya kampuni. Barua ilikuwa na mhuri. Siku ya kuipokea alisimama mbele ya lundo akawaambia wote, akiwaita mmoja mmoja, waangalie shingo za wake zao na watoto wao. Watu wawili wakamwaga mifuko yao chini. Domo hakufanya utani siku hiyo, lakini alichota zake. Kwa lundo lile hakuna aliyefukuzwa, si jana, si leo.

Nyumbani alimkuta binti amepakata mtoto, anasaga kidonge kukichanganya na maziwa ya kifua.

"Nipe nikusaidie," Mama Mizani alisema, akinyoosha mikono.

Binti alifikiri. Akampa mtoto, akaiweka dawa upande wa pili, mbali naye.

"Mshike tu, mama. Dawa nitampa mwenyewe."