Chaga Nane za Kitanda cha Mama

Mkono wangu uliponyooka katika kikao cha walimu, haukuwa na nia ya kujitolea. Nilikuwa nabana nywele zangu tu. Lakini Mwalimu Mkuu alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kuuliza nani atatafuta ala ya muziki kwa ajili ya Siku ya Wazazi, maana kinanda cha shule kilishakata roho, na macho yake yakatua juu yangu.

"Haya, ahsante, mwalimu. Utatuletea nini?"

Ningeweza kusema ukweli. Kuna watu wanaoweza. Mimi nikasema, "Marimba," kwa kuwa ndilo neno la kwanza lililonijia, tena kwa sauti ndogo hivi kwamba mwalimu aliyekaa karibu yangu ilimbidi alirudie kwa niaba yangu.

Baada ya kikao Mwalimu Mkuu aliniita pembeni. Si mtu mkali. Ana tabia ya kukushika kiwiko anapokuambia jambo zito, na siku hiyo alinishika.

"Miezi yako mitatu ya majaribio inaisha wiki ijayo," alisema. "Watoto wanakupenda, naona. Ila sikusikii. Nikisimama mlangoni pa darasa lako nasikia watoto, nasikia kuku wa jirani, wewe sikusikii. Ijumaa, Siku ya Wazazi, nataka nikusikie. Hapo ndipo tutaongea habari ya kukuajiri."

Niliitikia kwa kichwa. Akanitazama, akasubiri, kisha akacheka na kuniachia kiwiko.

Baba yangu ni fundi seremala. Kibanda chake kiko uani, kimejaa milango isiyo na nyumba na stuli zisizo na miguu. Nilimkuta anapiga randa, nikasimama mpaka aliponiona mwenyewe.

"Baba, unaweza kutengeneza marimba?"

"Nilitengeneza moja ujanani, nikiwa nafundishwa kazi. Ya vibao vingapi?"

"Vinane."

"Ya lini?"

"Ijumaa."

Aliweka randa chini. "Mwanangu, mbao ya marimba haitaki haraka. Inatakiwa iwe ngumu, tena iliyokauka miaka. Hii niliyo nayo hapa bado mbichi, ukiigonga inaguna tu kama mtu aliyeamshwa." Alichukua kipande akakigonga kwa kifundo cha kidole. Kweli kiliguna. Kisha akaanza kuangalia upande wa nyumba kwa namna ambayo haikunipendeza. "Ila ipo mbao ya mninga iliyokauka miaka ishirini na sita. Nimeilalia mwenyewe."

Mama alikuwa sebuleni kwenye cherehani yake, anashona sare za shule. Aliposikia hoja yetu alisimamisha gurudumu kwa kiganja.

"Kitanda changu cha harusi?"

"Kitanda hatukigusi, mama watoto," alisema Baba. "Chaga tu."

"Na godoro litakaa juu ya nini? Juu ya mapenzi?"

"Mbona ndivyo tulivyoanza."

Mama alitaka kukasirika lakini kicheko kilimtangulia, na baada ya kicheko chafya, na baada ya chafya nyingine mbili. Akafuta pua kwa kipande cha kitambaa cha sare. "Chukueni. Ni kwa ajili ya mwanangu. Lakini mgongo wangu ukivunjika, fundi, utauunga kwa gundi yako mwenyewe."

Basi Jumamosi asubuhi tulizing'oa chaga nane, tukalibwaga godoro sakafuni. Baba alizikata, kila moja fupi kuliko mwenzake, akazipanga juu ya meza yake ya kazi kama watoto wa nyumba moja waliopangwa kwa kimo. Mimi nilipewa kazi ya chumvi. Unaweka kibao juu ya vipande viwili vya godoro kuukuu, unanyunyiza chumvi juu yake, unakigonga katikati polepole. Chumvi inarukaruka, inakimbia, mwishowe inajikusanya yenyewe katika mistari miwili, mmoja huku na mwingine kule. Hapo ndipo mbao imetulia, na hapo ndipo unapotoboa matundu ya kupitisha kamba. Ukitoboa kwingine unaiziba sauti. Ningeweza kufanya kazi hiyo siku nzima bila kuchoka. Mama alikuja mara mbili kuuliza chumvi yake imekwenda wapi, na mara ya pili akabaki kutazama, akasema, "Hebu gonga tena."

Kisha ikaja kazi ya kuipa sauti. Kanuni yake ni nyepesi: ukikwangua upande wa chini wa kibao, katikati, sauti inashuka. Ukizidisha, kuipandisha ni kazi nyingine.

"Tunaanzia wapi?" aliuliza Baba.

Chuoni tulifundishwa kuna vifaa vya kupimia. Sisi hatukuwa na kifaa, tulikuwa na Mama. Mama akishona huwa anavumisha sauti, mdomo umefumba, noti ileile moja asubuhi hadi jioni. Nimekua nayo. Hata darasani nyimbo zangu zote huzianzisha hapo bila kufikiri, na watoto wamezoea kuimba kuanzia hapo. Baba akasema haina haja ya kutafuta mbali, sauti ya mke wake haijahama tangu amuoe. Tukafungua dirisha la sebule, Mama akaendelea na sare zake akivuma, nasi tukaanza kibao cha kwanza.

Baba alikwangua, akageuza, akagonga. "Sawa?"

"Bado iko juu."

Akakwangua tena. "Sawa?"

"Bado."

Vumbi la mbao lilimjaa miguuni. "Leo mama yako ananilia mbao," alisema. Kibao kilikuwa kimebonyea chini kama sabuni iliyokaribia kwisha. Mimi naijua sauti ya Mama, na sauti iliyotoka dirishani siku ile ilikuwa nzito, ilikuwa chini sana, ilikuwa sauti ya mtu mwenye mafua. Nilijua. Nilifungua mdomo. Lakini Baba alikuwa na furaha, jasho linamtiririka, kalamu ya risasi imekaa sikioni, na mimi ni nani wa kumwambia fundi wa miaka thelathini kwamba amekosea? Alipouliza, "Sawa?" nikasema, "Sawa."

Vingine saba tulivipima kwa hicho cha kwanza. Vyote sawa.

Ilikuwa nzuri, siwezi kusema uongo. Jumatatu Baba alitengeneza sanduku la kuiwekea marimba, akavifunga vibao kwa kamba, mimi nikatengeneza vijiti vya kupigia kwa vipande vya ndala kuukuu nilivyovivika mabaki ya kitambaa cha Mama. Jumanne Baba aliisukuma kwenye toroli hadi shuleni, anasalimia watu njia nzima kana kwamba amembeba bibi harusi.

Watoto wangu ishirini na wawili waliizunguka. Niliwapanga, nikapiga kibao cha kwanza, nikawapa ishara waimbe wimbo wetu:

*Bata mdogo, umelowa wapi?*
*Nimelowa mtoni, ngoja nikauke.*

Walijaribu, maskini. Walishusha videvu vyao hadi vifuani wakiitafuta ile sauti huko chini. Wengine walinguruma. Mmoja alikohoa. Kitinda mimba wa darasa, ambaye sote tunamwita Kidole kwa kuwa kidole chake hakitoki mdomoni, alikitoa kwa mara ya kwanza wiki ile.

"Mwalimu," alisema, "hiyo inaongea kama baba yangu."

Jioni nilikwenda kibandani. Baba alinitazama usoni akaweka msumeno chini. Nikamwambia kila kitu: mafua, dirisha, ile "sawa" ya kwanza.

"Kwa hiyo ulisikia, ukanyamaza?"

"Nilidhani... fundi ni wewe, Baba."

"Fundi ni mimi, lakini masikio ni yako. Unadhani nakuuliza kwa adabu? Yangu mimi yameshaliwa na misumeno, mwanangu. Nikikuuliza sawa, nakuuliza kweli." Hakusema kwa ukali. Alinipangusa vumbi begani, ambalo halikuwepo.

"Hatuwezi kuirekebisha?"

"Nikikata ncha sauti itapanda, lakini ile mistari yako ya chumvi nayo itahama, matundu yote yawe mahali pasipo pake. Huko ni kuanza upya, na chaga zimekwisha. Labda tulalie milango."

Ndani, Mama alipiga chafya akauliza nani anamsema huko nje. Tulicheka, lakini mimi usiku nililala vibaya kuliko wao wenye godoro sakafuni. Na katika kugeukageuka huko, maneno ya Kidole hayakuniacha. Inaongea kama baba yangu.

Jumatano mchana nilikwenda kusimama getini saa ya kuchukua watoto. Kwa kawaida siendi, maana pale wapo kina baba. Wanasimama ukutani na mikono mifukoni kama watu waliokuja kwa bahati mbaya. Muuza nyama na koti lake jeupe. Kinyozi. Wawili wanaojenga ghorofa la mtaa wa pili, vumbi la saruji hadi kwenye kope. Mlinzi wa geti, ambaye mwanawe yuko darasani kwangu. Na dereva wa lori, baba yake Kidole, mtu mpana kama mlango, ambaye huja na lori lake lenyewe na haachi injini ipumzike.

"Samahani," nilisema. "Naomba niwaombe jambo."

Hakuna aliyegeuka. Injini ilikuwa inatetemesha hadi vioo vya ofisi.

"Samahani, jamani."

Muuza nyama aliniona, akanikonyeza kwa upole, akaweka mkono sikioni kuonyesha kuwa hasikii. Watoto walishaanza kutoka. Katika dakika mbili wangekuwa wametawanyika wote, na Ijumaa ningesimama mbele ya watu na marimba isiyo na mtu wa kuiimbia. Sijui kitu gani kilinishika. Nilivuta pumzi mpaka chini kabisa.

"ZIMA INJINI!"

Injini ilizimwa. Kuku wa jirani alinyamaza. Dereva alitoa kichwa dirishani. "Nimezima, mwalimu," alisema kama mtoto wa darasa langu. "Usinipige."

Walicheka wote, na mimi nikajikuta nacheka, na kwa kuwa sauti ilishatoka nikaona bora itoke yote. Niliwaeleza: marimba imeshuka chini, watoto hawaifikii, wao wanaifikia. Watoto watapiga, kina baba wataimba. Mazoezi ni leo na kesho, hapahapa, dakika kumi.

"Tuimbe nini?" aliuliza kinyozi.

"Bata mdogo, umelowa wapi."

Mjenzi mmoja alitazama viatu vyake. "Mwalimu, mimi nina watu wananijua mtaani."

"Waje nao waimbe," nilimjibu. Mpaka leo sijui nilikuwa nani siku ile.

Mlinzi ndiye aliyekubali kwanza, akanisaidia kuitoa marimba, akaanza palepale, na sauti yake ikakaa juu ya kibao cha kwanza kama kifuniko juu ya sufuria yake. Kidole alimvuta baba yake suruali mpaka akashuka kwenye lori.

Ijumaa uwanja ulijaa. Mama alikuja na mto wa kukalia, kwa ajili ya mgongo, na akamwonyesha kila jirani. Watoto walipokezana vijiti, wanne wanne, ndimi nje kwa bidii. Nyuma yao walisimama kina baba sita, kinyozi akiwa amewanyoa wenzake bure asubuhi ile. Nilihesabu moja, mbili, tatu, kwa nguvu, kwa kuwa dereva alisema nisipohesabu kwa nguvu atakimbia.

*Bata mdogo, umelowa wapi?*

Wake zao ndio walioanza kucheka, halafu uwanja mzima. Hakuna aliyewahi kumsikia bata mzito namna ile. Muuza nyama alifumba macho kwenye "ngoja nikauke" kana kwamba anamlilia mtu. Walipomaliza watu walidai tena, na mara ya pili watoto waliokuwa hawapigi waliimba pia, juu kabisa, mahali pao pa siku zote, nao kina baba chini, na marimba katikati ikawashika wote. Hilo sikulipanga. Nilisimama tu na mikono hewani nikisahau kuishusha.

Mwalimu Mkuu alinikuta nafungua kamba za vibao. Akanishika kiwiko.

"Jumatano nilikuwa ofisini," alisema. "Kikombe changu cha chai kiliruka."

"Samahani, Mwalimu Mkuu."

"Usiniombe samahani. Jumatatu njoo usaini karatasi zako. Na hiyo marimba ibaki hapahapa."

Jumapili mafua ya Mama yalikuwa yamekwisha. Alikaa kwenye cherehani akaanza kuvuma, na sauti ikarudi juu, pale ninapopajua. Baba alikuwa uani akipima mbao za chaga mpya. Alisimama, akatega sikio, kisha akanigeukia.

"Naona kama imehama," alisema. "Sawa?"

"Si sawa, Baba, imerudi mahali pake," nilisema kwa sauti, na Mama akauliza kutoka ndani ni nani huyo anapiga kelele.