Foku ya Kumbeba Bonge

Foku ya tatu ya baiskeli yake, ile miguu miwili ya mbele inayoshika gurudumu na kumeza mitikisiko, ilishindwa kumbeba Bonge kwenye mteremko wa nyuma ya machimbo ya kokoto, Jumapili asubuhi, shemeji yake akiwa nyuma yake anaona kila kitu. Haikukatika. Alipofunga breki ilididimia, ikagonga chini, ikakataa kurudi juu, na baiskeli ikabaki imeinama mbele kama mtu anayetafuta shilingi aliyoidondosha. Bonge alishuka taratibu, akaiangalia, akacheka. Alikuwa amezoea kucheka kabla wengine hawajaanza.

"Imenipigia magoti," alisema. "Angalau kuna kitu kinaniheshimu."

Shemeji hakucheka. Alikuwa fundi wa baiskeli, mdogo wake mke wa Bonge, na foku ile aliifunga kwa mikono yake mwenyewe. Waliivuta baiskeli mpaka barabarani wakarudi nayo kwa miguu, Bonge akisimama kila baada ya muda kuvuta pumzi na kusingizia mandhari.

Bonge alikuwa mkubwa tangu utotoni. Kiwandani, ambako alikuwa fundi mtambo wa kuchapa vitabu, alibeba robota la karatasi begani wakati wenzake walisukuma toroli. Hakuna aliyemwita jina lake, hata mkewe alipokuwa na furaha. Mzaha wa watu aliupokea vizuri, akauongezea chumvi, akaenda nao nyumbani. Lakini tangu shemeji alipompandisha baiskeli ya milimani, miaka michache nyuma, alikuwa amepata mahali ambapo uzito ulimsaidia. Kwenye kushuka hakuna aliyemkamata. Alipita juu ya mawe na mizizi kama gari kubwa, vijana wembamba wakabaki nyuma wakirushwarushwa. Ndiyo maana habari ya foku ilimuuma kuliko alivyoonyesha.

Siku iliyofuata, alipotoka kazini, alikwenda dukani kwa shemeji. Kilikuwa chumba kimoja kinachonuka gundi ya pancha na oili, foku zimetundikwa ukutani kwa misumari. Shemeji alizishusha moja moja akaziweka juu ya meza. Ile ya springi, alimweleza, hutengenezwa kwa mtu wa kawaida. Ukiwa mzito unaweza kuzungusha kile kifuniko cha juu mpaka kidole kitoke malengelenge, springi haitakuwa ngumu zaidi, itabanwa tu mapema. Bora ya upepo, kwa sababu upepo unaujaza kulingana na mtu. Lakini si kila ya upepo. Alimwonyesha moja yenye miguu myembamba, akaishika huku na huku akaipinda kidogo. Ukifunga breki kwa nguvu, alisema, hii inajikunja nyuma, gurudumu linaenda kwake na wewe unaenda kwako.

Kwenye mguu wa kila foku kulikuwa na karatasi ndogo ya kubandika yenye jedwali: uzito wa mtu upande huu, kiasi cha upepo upande ule. Bonge aliinama kusoma ya kwanza. Jedwali liliisha kabla ya kumfikia. Akasoma ya pili. Nayo iliisha.

"Hawa watu wanadhani sisi hatuzaliwi," alisema.

Ya mwisho shemeji aliitoa chini ya meza, imefungwa kwenye gunia. Ilikuwa na miguu minene kama mpini wa jembe na ekseli nene ya kupita katikati ya gurudumu. Kwenye jedwali lake Bonge alijiona, mstari wa mwisho kabisa, lakini yumo. Aliweka kidole juu ya mstari ule akakiacha hapo kwa muda.

Jumamosi iliyofuata waliifunga kwenye baiskeli wakampima. Bonge alipanda baiskeli akiwa ameegemea ukuta, shemeji akasukuma chini kile kipete chembamba cha mpira kilichovaa mguu wa foku, kisha Bonge akashuka polepole. Kipete kilibaki juu ya mguu, kuonyesha foku ilizama kiasi gani. Ilizama robo ya urefu inaoweza kuzama, kama inavyotakiwa. Kesho yake walishuka mteremko wa machimbo mpaka chini, na Bonge alipofika alikaa juu ya jiwe, akatikisa kichwa, akasema hajawahi kubebwa hivi tangu mama yake alipomshusha mgongoni.

Furaha ile haikufika mbali. Wiki chache baadaye kipete kilipanda kidogo zaidi, maana yake foku ilikuwa inazama kuliko mwanzo. Shemeji aliongeza upepo. Wiki iliyofuata kikapanda tena, akaongeza tena. Alidhani foku inavuja, akaifungua, akaisafisha, akabadilisha ile mipira ya kuzuia upepo ambayo mafundi huiita sili. Kipete kikazidi kupanda.

"Nina wasiwasi na sili," alimwambia Bonge.

"Mwambie dada yako hivyo hivyo," Bonge alijibu. "Kila siku namwambia sili, haamini."

Walicheka wote wawili. Lakini nyumbani neno lile halikuwa la kuchekesha. Mke wa Bonge alikuwa mshonaji wa sare za shule, cherehani yake imekaa sebuleni karibu na dirisha, na futi kamba ilikuwa shingoni kwake kutwa. Alikuwa ameziachia suruali za mumewe mara mbili, mpaka hakukuwa na kitambaa cha kuachia. Nyumbani alimpikia mboga za kuchemsha na kipande kidogo cha nyama, naye alikula nusu akasukuma sahani. Mwanamke akajumlisha mwenyewe: kama hali hapa, basi anakula kwingine. Akaanza kumwuliza kiwandani wanauza nini wakati wa mapumziko. Akaanza kunusa shati. Bonge aliapa, kisha akaacha kuapa, kwa sababu aliona kila kiapo kinamfanya aonekane mwongo zaidi.

Alikwenda zahanati peke yake. Tabibu alimwangalia alipokuwa bado mlangoni, akamwambia apunguze uzito, afanye mazoezi, aache mafuta. Hakumgusa. Bonge alisema anaendesha baiskeli mlimani kila Jumapili, na tabibu akatabasamu kama mtu aliyesikia kichekesho kizuri. Alirudi nyumbani, akamwambia mkewe ameambiwa apungue. Mkewe akasema hata yeye angeweza kumwambia hivyo bila foleni.

Kilichokuwa kibaya zaidi, Bonge mwenyewe alianza kujishuku. Alikuwa akikaa mbele ya mtambo akijaribu kukumbuka kama kuna kitu alikula bila kujua. Alipunguza hata zile mboga. Mwili ukazidi kuwa mzito. Usingizi ukawa wa kukaa, mito mitatu mgongoni, maana akilala chali alihisi kama anazama. Mkewe alisema ni mafuta yanambana kifua, akahamia chumba cha watoto ambao walishaoa na kuolewa.

Shemeji, kwa upande wake, alikuwa amechoka kushindwa na kitu cha chuma. Aliitoa foku kwenye baiskeli, akaijaza upepo mpaka kiwango cha mwisho kilichoandikwa, akaitundika dukani wiki nzima. Alipoipima tena, upepo ulikuwa ule ule. Haikuwa inavuja hata chembe. Akaifunga tena kwenye baiskeli, akaipeleka kwa dada yake Jumapili asubuhi, akawakuta sebuleni, Bonge kwenye kochi na mkewe kwenye cherehani.

"Foku ni nzima," alisema. "Haikuwahi kuwa na tatizo. Ni wewe, shemeji."

Cherehani ilinyamaza. Mke aligeuka akamwangalia mumewe, na uso wake ulikuwa uso wa mtu aliyeletewa shahidi.

Bonge alimpita shemeji kwa macho. Alimwambia mkewe, "Mimi sili, mama watoto. Sijui nikuambie kwa lugha gani."

Kisha akasema twendeni tukaendeshe, kama mtu anayetaka tu kutoka kwenye chumba. Alichukua kiatu akajaribu kukivaa, kikagoma. Alijaribu kuinama kukivuta akashindwa, pumzi ikamkatika katikati. Shemeji akapiga magoti amsaidie. Alimshika kifundo cha mguu kwa nguvu ili akisukumie ndani, na alipoachia, aliona alama ya kidole gumba imebaki kwenye ngozi. Aliitazama akisubiri ijae. Haikujaa. Ilibaki shimo, kama kwenye unga uliokandwa. Alibonyeza mahali pengine, juu zaidi, na pale napo pakabaki shimo. Alibonyeza mpaka karibu na goti.

"Dada," aliita. "Njoo uone."

Mke alikuja, akainama, akabonyeza yeye mwenyewe. Halafu akakaa chini sakafuni, futi kamba ikining'inia shingoni.

Hospitali kubwa daktari alimsikiliza kifua kwa muda mrefu, akampeleka kwenye mashine, akarudi na uso uliokwisha jiandaa. Alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ya chini. Aliwaeleza kwamba moyo wa Bonge ulikuwa umepanuka na kuchoka, hausukumi damu inavyopaswa, na yale yaliyomjaa hayakuwa mafuta bali maji. Aliuliza dalili zilianza lini. Mke akataja suruali. Shemeji akataja kipete, akalazimika kueleza kipete ni nini. Daktari alisikiliza mpaka mwisho. Akasema maji wanaweza kuyatoa.

"Na moyo?" Bonge aliuliza.

"Moyo tutausaidia," daktari alisema. "Kuurudisha ulivyokuwa, hapana. Tungekutana mapema, ningekuwa na maneno mengine."

Walimpa dawa zilizomkimbiza chooni kutwa kucha. Maji yakatoka, yakaendelea kutoka, na chini yake akaonekana mtu ambaye hawakumjua. Misuli iliyobeba marobota ilikuwa imekwisha zamani, imefichwa na uvimbe. Mashavu yalishuka, shingo ikawa ndefu. Aliporuhusiwa kurudi nyumbani, majirani walimsimamisha getini kumpa hongera. Mmoja alimwomba siri ya kupungua haraka vile, kwa ajili ya dada yake. Bonge alimwambia asile.

Kiwandani walimpa mapumziko ambayo hakuna aliyeyapa mwisho. Mkewe alizichukua suruali zile zile, akazikata, akazipunguza, akifumua mishono yake mwenyewe. Aliwahi kusimama mlangoni mwa chumba akiwa na neno la kusema. Bonge alikuwa macho, lakini alipomwona alifumba macho, na mkewe akajua kwamba amefumba makusudi, akarudi kwenye cherehani.

Siku moja Bonge alimwita shemeji, akamwomba atoe upepo kwenye foku mpaka imfae alivyo sasa. Shemeji alisema hakuna haraka. Bonge akasema yeye anayo. Basi fundi akaleta pampu, akatoa upepo kidogo kidogo, akatafuta mstari wa Bonge kwenye jedwali, akaukuta katikati, kwa watu wa kawaida. Yeye na dada yake walimpandisha, mmoja kila upande. Kipete kilionyesha robo kamili.

"Nisukumeni," Bonge alisema.

Alikanyaga pedali mara moja, ikazunguka. Alipojaribu ya pili mguu ulibaki juu, haukuwa na kitu cha kuusukuma. Walikuwa hawajafika hata getini. Shemeji alishika tandiko, mke akamshika mumewe kiunoni, naye alikaa pale juu, kichwa chini, midomo imebadilika rangi, akisubiri pumzi irudi.

Ilipofika, alisema: "Maisha yangu yote watu walitaka nipungue. Haya."

Walimshusha, wakampeleka ndani.

Baada ya hapo hamu ya chakula ilimtoka kabisa. Mke alianza kupika kila kitu alichomnyima, vya kukaanga, vya nazi, nyama yenye mafuta, daktari apende asipende. Aliketi kitandani na sahani, akamshikia kijiko, akamsihi kama mtoto. Bonge alikuwa akifungua mdomo kwa heshima, anakishika chakula shavuni, anakitoa mkewe akigeuka. Siku ya mwisho ambayo aliweza kuzungumza vizuri, mkewe alimwambia, "Nilikuwa nanusa mashati yako."

"Najua," Bonge alisema. "Nilikuwa nakuona."

Mkewe alisubiri aongeze kitu. Hakuongeza. Alikuwa amechoka, au alikuwa amemaliza; mwanamke hakuwahi kujua ni lipi kati ya mawili.

Alikufa wiki moja kabla ya shule kufunguliwa, mchana, sebuleni kukiwa na sare nusu zimeshonwa na wazazi wa watoto wakipiga simu kuulizia. Mkewe alizimaliza zote. Watu walimsifu kwa uvumilivu wake.

Shemeji bado anakuja kila Jumapili asubuhi. Hana tena mtu wa kupanda naye mlima, na hajatafuta. Dada yake humtilia chai, wanazungumza bei ya vitambaa, mvua, watoto. Baiskeli imeegemea ukuta wa korido, na wote wawili hupita kando yake wakielekea jikoni. Mara nyingine mmoja wao hufungua kinywa katikati ya kimya kirefu, na mwenzake huinua macho haraka akisubiri. Kisha huwa ni sukari tu iliyokuwa ikiombwa.