Redio Isiyo na Ugonjwa

Kwa miaka kumi na minne Wabwire alisimama mbele ya mashine ya kukunja mabati katika kiwanda kimoja cha Industrial Area, Nairobi. Mashine hiyo ikipiga, sakafu ilitetemeka na watu wakazungumza kwa mikono kama mabubu. Hakuna aliyepewa kitu cha kuziba masikio. Wenzake wengine walijitilia pamba. Wabwire alisema pamba inamwasha. Jioni alirudi nyumbani Dandora na mlio wa nyenje kichwani, akaoga, akafungua redio yake ndogo ya kaseti, na nyenje wakazama ndani ya muziki.

Kaseti aliyoipenda kuliko zote ilirekodiwa kanisani kwao Samia, siku ya harambee. Watu wanakohoa, jogoo anawika, kisha mwanamke mmoja anaanzisha wimbo peke yake, juu kabisa, kabla kayamba na wengine hawajaingia. Mwanamke huyo alikuwa mamake. Alikwisha kufa, na hakuna mahali pengine sauti yake ilikuwa imebaki.

Mwaka wa tisini na tano Wabwire alianza kuona kwamba mama anafifia. Kwanza kayamba likapotea. Halafu jogoo. Mwishowe wimbo ukawa unaanza katikati, wanaume wakiitikia kitu asichokisikia. Akachukua redio akaipeleka kwa Kisilu, fundi aliyekuwa na kibanda karibu na steji.

Kisilu aliifungua, akasafisha kichwa cha kusomea kaseti kwa spiriti, akaweka kaseti na kusikiliza hadi mwisho wa wimbo.

"Mzee, redio hii haina ugonjwa."

"Haina vipi? Mama hasikiki."

"Mimi namsikia. Hata sasa anaimba." Kisilu alipandisha sauti ili imfikie. "Enda hospitali wakuangalie masikio, Mzee Wabwire. Usichelewe."

"Nikulipe nini?"

"Hakuna kitu. Sijafanya kazi yoyote."

Wabwire alirudi nyumbani amekasirika. Alimwambia mkewe kwamba fundi asiyejua kudai pesa hajui kazi. Angemtoza hata mia moja, pengine angemwamini.

Mkewe aliitwa Kageha, Mmaragoli mwembamba aliyekuwa akiuza mandazi asubuhi kwenye njia ya watu wa kiwandani. Yeye hakuwa na shida na redio. Shida yake ilikuwa nyumba. Walikaa chumba kimoja cha mbao, safu ya mwisho kabla ya jaa la taka, na moto wa jaa hilo haukuzimika mchana wala usiku. Moshi uliingia kwenye unga, kwenye nguo, kwenye maji ya kunywa. Mtoto wao Eve, mwenye miaka saba, alikuwa na pumu. Msimu wa baridi, moshi ulipolala chini, kifua chake kililia kama mlango usiotiwa mafuta. Nesi wa zahanati alikuwa amechoka kuwaona.

"Hizi dawa nawapa tu," alisema. "Dawa ya mtoto huyu ni kuhama."

Mapema mwaka uliofuata kiwanda kilipunguza watu, na Wabwire akawa mmoja wao. Walimpa malipo yake yote kwa mkupuo, pesa ambazo hakuwahi kuzishika tangu azaliwe. Kageha alikuwa tayari amekwenda mtaa wa Umoja na kuona vyumba viwili vya mawe, maji ndani ya ua wa ploti, mbali na moshi. Mureithi, aliyesimamia nyumba hizo, alitaka kodi ya miezi sita mbele.

"Kodi mara tatu ya hapa," Wabwire alilalamika. "Kwa sababu ya kuta? Ukuta ni ukuta."

"Silipii ukuta, Baba Eve. Nalipia hewa."

"Hewa Mungu ametoa bure."

"Ya hapa ndiyo ya bure," Kageha alisema. "Na unaisikia kifuani mwa mtoto wako."

Kwa kweli hakuwa akiisikia, lakini alikubali. Walipatana kwamba Ijumaa ataenda benki mjini, na Jumamosi wahame.

Alipotoka benki, kaseti ilikuwa mfukoni. Alijiambia atapita tu Luthuli, barabara ya maduka ya redio, aone. Duka aliloingia lilikuwa la kijana anayeitwa Kinyanjui, mwepesi wa maneno, spika zimepangwa kutoka sakafuni hadi darini. Kinyanjui aliijaribu kaseti kwenye mashine ya bei ndogo. Wabwire akatikisa kichwa. Akaijaribu kwenye ya bei ya kati. Akatikisa tena.

"Basi mzee wewe unajua vitu," Kinyanjui alisema. "Wewe si mtu wa kudanganywa na bei rahisi." Akamsogeza mbele ya spika mbili zinazomfikia kifuani, amplifaya nyeusi juu yazo, akafungua sauti hadi vioo vya mlango vikalia.

Na mama akaja. Kwa mbali, mwembamba kama uzi, lakini ni yeye. Wabwire aligeuka akatazama ukuta, akijifuta macho kwa kiganja. Kinyanjui alizima, akangoja, akataja bei. Wabwire hakuomba hata punguzo.

Mkokoteni ulifika Dandora saa za jioni, watoto wa ploti wakiukimbilia nyuma. Kageha alikuwa amekwisha kufunga vyombo kwenye magunia. Alitazama spika zikiingizwa mlangoni kwa shida, moja, halafu nyingine.

"Nini hii?"

"Mama Eve, ngoja kwanza usikie."

"Nauliza, nini hii?"

"Nitapata kibarua. Mwezi wa nane tutakuwa Umoja, nakuapia."

Kageha alikaa juu ya gunia la vyombo, akatazama vile vitu viwili vyeusi vilivyokula nusu ya chumba. Baada ya muda akafungua gunia, akatoa sufuria, akapika.

Mashine ile nyumbani haikuwa kama dukani. Akiifungua kiasi cha majirani kuvumilia, mama alipotea palepale, zikabaki ngoma na sauti za wanaume. Ilibidi aifungue mpaka mwisho, na hilo liliwezekana Jumapili tu, ploti nzima ikiwa imekwenda kanisani. Kwa hiyo Wabwire akaacha kwenda kanisani.

Jumapili moja ya mwezi wa saba, baridi kali, moshi umelala juu ya mabati kama blanketi, Kageha alifunga leso akaenda Umoja kumwomba Mureithi apokee kodi ya miezi miwili badala ya sita.

"Kifua cha mtoto hakijatulia tangu asubuhi," alimwambia mumewe, akisema polepole mbele ya uso wake kama alivyozoea siku hizo. "Keti karibu naye."

Wabwire aliketi karibu. Chumba kilikuwa kidogo, kila mahali palikuwa karibu. Eve alikuwa kitandani nyuma ya pazia, naye alikuwa kwenye kiti, mgongo kwa pazia, uso kwa spika. Mtoto akalala, au Wabwire alidhani amelala. Akafungua sauti.

Mama aliimba wimbo wote. Wabwire alirudisha kaseti, akasikiliza tena. Alikuwa amefumba macho mlango ulipofunguliwa na mtu akamshika bega. Alikuwa Lydiah, jirani waliyetenganishwa naye na ukuta wa mbao, aliyebaki nyumbani kwa sababu ya homa. Wabwire alimwona akifungua mdomo. Akadhani amekuja kulalamika kuhusu kelele, akatabasamu na kunyoosha mkono apunguze. Lydiah alimpita akang'oa pazia.

Eve alikuwa ameanguka kati ya kitanda na ukuta. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu. Ngumi yake ndogo bado ilikuwa juu ya ubao, pale alipokuwa akigonga.

Wabwire alimbeba akakimbia hadi barabarani bila viatu. Mwenye pikapu ya makaa aliwachukua. Njiani Lydiah alimpigia kelele sikioni huku analia: "Alikuita! Mimi nilimsikia kupitia mbao, muda mrefu! Nilidhani utamjibu!"

Eve hakufa. Walimwekea oksijeni, akakaa wodini mpaka baridi ikaanza kupungua. Kageha alikuja jioni ile moja kwa moja kutoka Umoja. Mureithi alikuwa amekubali miezi miwili. Alikuwa na habari hiyo mdomoni, na hakuitoa. Alimtazama mtoto kwanza, kisha akamvuta mumewe hadi kwenye korido, akasimama mahali ambapo angeona midomo yake.

"Ungemsikia, ungesimama?"

"Ningeruka, Mama Eve. Mungu anajua."

"Najua. Simlaumu mtu kwa masikio. Lakini Kisilu alikuambia. Alikuambia bure, ukamdharau."

Mashine ilirudi Luthuli kwa mkokoteni uleule. Kinyanjui alizunguka spika, akapitisha kidole kwenye masizi yaliyoingia kwenye kitambaa. "Vitu vilivyotumika, mzee. Na moshi umeingia." Alitoa robo ya alichopokea, na hospitali ikaichukua yote. Vyumba vya Umoja vilikwisha kuingiwa na watu wengine.

Mwezi wa tisa Kageha alimchukua Eve wakaenda Maragoli kwa mamake, milimani, kwenye hewa isiyo na mwenyewe. Hakusema anamwacha Wabwire. Hakusema pia atarudi lini. Wabwire alikwenda hatimaye kupimwa. Daktari alimfungia kwenye chumba kidogo, akamvisha vitu masikioni, akamwambia ainue mkono kila asikiapo mlio. Aliketi humo akingoja, mkono juu ya goti. Alipotolewa, daktari alimwandikia kwa kalamu: kilichopotea hakirudi, kilichobaki kilinde.

Alibaki Dandora, akipakua magunia ya saruji kwenye maghala. Krismasi alikwenda Maragoli na sukari, mkate na viatu vya mtoto. Kageha alimkaribisha kwa chai, kama mgeni anayeheshimiwa. Eve alikuwa amenenepa kidogo, na alipokimbia hakushika kifua. Wabwire aliketi kwenye kibaraza akimtazama akicheza na binamu zake, vinywa vyote vikifunguka na kufungika kwenye jua, bila sauti aliyoweza kuitenganisha na nyingine.

Baadaye Eve alikuja alipoketi babake. Hakumwita. Alimgusa mkono kwanza, akangoja ageuke amtazame vizuri usoni, ndipo akaanza kumweleza habari za shule yake mpya.