Kitufe cha Chini

Tangu Jumamosi Wanjugu alikuwa akimbeba mjukuu wake mkobani bila kumwona. Mtoto alikuwa ndani ya simu, au karibu na humo, maana ujumbe wa picha ulikuwa umeingia na kialama cha bahasha kikawa kinametameta. Lakini kila alipobonyeza ili ifunguke, simu iliwaza, ikawaza tena, kisha ikamwambia kwa Kiingereza kwamba imeshindwa, ajaribu baadaye. Alijaribu baadaye. Alijaribu akiwa zizini kwake Uthiru, alijaribu uani kwa wapangaji, alijaribu hata kanisani wakati wa matangazo, jambo ambalo angemgombeza mtu mwingine akimwona analifanya.

Mtu angesema, si ampigie tu mwanawe Mbuthia kule Kisumu? Alikwishampigia. Alimpongeza, akampongeza na mkewe Phoebe, akauliza habari za kunyonyesha na za usingizi, akacheka panapochekwa. Kitu kimoja hakukiuliza, nacho ndicho kilichomnyima raha: jina. Mbuthia alikuwa ameandika, "Mama nimekutumia picha. Jina la mtoto liko hapo chini yake." Basi. Hakulitaja kwa mdomo, na mama hakuthubutu kulichokoza. Sasa kijana alikuwa kule anangoja mamake aseme neno kuhusu hilo jina, na mama yuko kimya, na kimya hicho Mungu ndiye alijua kilikuwa kinasomwaje Kisumu.

Kwa watu wa kwao jina si jambo la kubahatisha. Mtoto wa kwanza wa kiume huitwa babu yake mzaa baba, hakuna mjadala. Huyu alipaswa kuwa Gerishon. Lakini Gerishon mwenyewe, mume wa Wanjugu, alikuwa amemfukuza Mbuthia nyumbani kwa kosa la kuoa ofisini kwa mkuu wa wilaya bila kupeleka wazee kwa kina Phoebe. Hawakusemezana tena mpaka mzee akafariki, mwaka uliopita. Siku ya mazishi Mbuthia alisimama upande wa pili wa kaburi, na kabla ya kuondoka akamwambia mamake, "Hata simu moja, mama? Hakunipigia hata mara moja."  Lakini mzee alipokuwa hai, kila aliposihiwa ampigie kijana, jibu lake lilikuwa lilelile: "Nimempigia. Hashiki." Na Wanjugu alidhani mumewe anamdanganya ili aachwe kwa amani.

Kwa hiyo Jumanne asubuhi alivaa sweta yake ya safari akaenda Hurlingham, kwenye ofisi ya huduma ya mtandao wake wa simu. Alihudumiwa na kijana mpole aitwaye Nzuki, aliyeishika ile simu kana kwamba ni yai. Nzuki aliangalia salio, likawepo. Alituma setingi za picha, zikaingia. Aliizima simu, akaiwasha, akaenda nayo mpaka dirishani, akarudi. Bahasha ikametameta, simu ikawaza, ikashindwa.

"Mama, upande yetu iko sawa," alisema. "Picha imekaa tu huku ndani inakungoja. Lakini leo jioni system inaifuta, na hiyo mimi siwezi zuia."

"Mwanangu akinitumia ingine?"

"Kama hii imekataa, hata hiyo itakataa. Shida iko kwa simu yenyewe. Mlinunua wapi?"

Wanjugu hakujua. Simu ilikuwa ya mzee; aliirithi pamoja na ng'ombe na madeni ya wapangaji. Nzuki alifungua kifuniko cha nyuma, akatoa betri, na chini yake pakaonekana kibandiko cha duka, jina na mtaa: Moi Avenue, kwenye kichochoro cha maduka kando ya duka la viatu. Kabla ya saa sita Wanjugu alikuwa mjini, anapanda ngazi mbili za duka lenye vioo vingi na vifuniko vya simu vya kila rangi, vingine vibaya kweli.

Mwenye duka alikuwa mwanamke wa Kisingasinga wa makamo aitwaye Gurleen, msuko wake mrefu umelala mgongoni, kikombe cha chai mkononi. Aliichukua simu, akaigeuza, akatabasamu.

"Hii mimi ndiye niliuza. Mzee wa kofia ya kijivu. Alikuja hapa akanipigia stori mpaka chai yangu ikaganda. Yuko aje?"

"Alituacha mwaka jana."

Gurleen aliweka kikombe chini. "Pole, mama. Pole sana. Alikuwa mtu mzuri."

"Alikuwa," alisema Wanjugu, "akitaka."

Gurleen alicheka kidogo, akainamia kazi. Alibonyeza huku, akabonyeza kule, midomo inanong'ona anachosoma. Haikuchukua muda.

"Kumbe! Memori imejaa, mama. Full kabisa. Picha inabisha mlango na ndani hakuna kiti. Umeweka nini humu? Nyimbo?"

"Mimi? Mimi najua kushika na kukata. Hayo mengine sijui."

"Basi ni hizi. Kuna sauti zimerekodiwa, nyingi. Ndizo zimekula nafasi yote. Nifute?"

"Futa," alisema Wanjugu bila kufikiri. Alikuwa amefungua mkoba anatafuta miwani, maana sasa jina lilikuwa karibu.

Gurleen akaweka kidole kwenye kitufe, kisha akasita. "Wacha nisikie moja kwanza. Isikuwe kitu ya maana."

Duka likajaa mlio mdogo, tii, halafu jogoo akawika. Halafu mtu akakohoa, na Wanjugu akakijua kikohozi kabla hajaijua sauti.

"Mbuthia!" Gerishon aliita, kwa nguvu zilezile alizokuwa akimwitia mtu aliye ng'ambo ya shamba. "Mbuthia! Haloo!"

Wanjugu alishika ukingo wa kaunta. Mzee alikuwa anasema Kikuyu, polepole, kama anayesoma barua ya serikali. Haloo. Haloo. Kisha kimya, kuku, ndoo ikiburutwa. Haloo, uko? Kimya tena. Sauti ikakatika.

"Alikuwa anaongea na nani?" aliuliza Gurleen.

"Na mtoto wetu. Lakini kwa nini imebaki humu?"

Gurleen aliigeuza simu ubavuni, akatazama vitufe viwili vidogo vilivyokaa pamoja, na uso wake ukabadilika. "Mama, angalia hapa. Hiki cha juu, ukifinya useme jina, simu inapiga yenyewe. Mzee alisema macho yake haiwezi kusoma namba, ndio nikamwekea hiyo. Nikamuuliza, mzee, tuweke majina gani? Akasema jina ni moja tu. Mbuthia."

"Mimi aliniambia simu ni ya biashara ya maziwa."

"Hiki cha chini ni cha kurekodi. Ukifinya inalia tii, kitaa nyekundu inawaka. Nilimwonyesha zote mbili." Akagusa kile cha chini kwa ukucha. "Alikuwa anafinya cha chini, mama. Aliposikia tii, alifikiria imeshikwa."

Wanjugu alikaa kwenye kiti cha wateja. Mzee hakumdanganya. Alitoka uani na kofia yake, akaenda nyuma ya zizi ambako mke hamsikii, akamwita mtoto wake, akangoja ajibiwe, na asipojibiwa akarudi ndani akasema hashiki. Na yeye, mkewe, alimgeuzia mgongo kitandani kwa sababu hiyo. Machozi yalimtoka papo hapo, mbele ya vifuniko vya simu, na hakujisumbua kuyaficha.

"Weka zingine," alisema.

Zilikuwa za aina moja. Katika moja mzee alimgombeza ng'ombe katikati ya salamu. Katika nyingine alikasirika kabisa: "Mbuthia, najua uko hapo. Nasikia unapumua." Gurleen hakujua Kikuyu ila cha kununulia mboga, lakini Wanjugu alipomtafsiria hilo wote wawili walicheka, kwa sababu waliyekuwa wakimsikia anapumua ni mzee mwenyewe. Ya mwisho ilikuwa fupi. Ndani yake hakukuwa na hasira tena.

"Mbuthia. Ni mimi. Kama hutaki kusema, si lazima useme, sikiliza tu. Kile chumba chako nimekipaka rangi. Njoo na mke wako. Basi, nimekata." Lakini hakukata, zilisikika hatua zake zinaondoka, na mlango wa zizi.

Gurleen alitoa waya kwenye droo, akaunganisha simu na kompyuta. Alisema sauti zote atazihifadhi, azitie kwenye diski, hakuna itakayopotea. Kisha atoe zile ndefu kwenye simu ili nafasi ipatikane. Alifanya hivyo, na Wanjugu alitazama kila hatua kama mtu anayepimiwa nyama. Mwisho wa yote ikabaki ile fupi peke yake.

"Sasa mlango uko wazi," alisema Gurleen. "Tufungue picha?"

Wanjugu alishika miwani yake bila kuivaa. Jina lilikuwa pale, kubonyeza tu. Akawaza: kama si Gerishon, kama ni jina la babake Phoebe au la mtu wa kwenye televisheni, nitamtumia Mbuthia sauti hii nikiwa na uchungu, na itamfikia kama fimbo. Atajua mama amekasirika, hatasikia baba anasema nini. Na kama ni Gerishon, nitaituma kama zawadi ya mtoto aliyefanya vizuri. Mzee hakuyasema yale maneno ili yawe fimbo wala zawadi.

"Sauti inaweza kutumwa kama picha inavyotumwa?"

"Hii fupi, ndiyo. Njia ni ileile."

"Basi tuma hiyo kwanza. Mzee aongee na mtoto wake. Mimi nitasubiri."

"Mama, picha inafutwa leo."

"Leo bado iko."

Gurleen hakubisha. Alimpa simu, akamwonyesha, na Wanjugu akabonyeza mwenyewe. Hakuandika neno lolote pale chini. Alifikiria aandike nini, akaona kila neno lake lingekuwa anamkatiza mzee, na alishamkatiza vya kutosha alipokuwa hai. Simu ikawaza. Kisha, bila kuringa, ikasema imetuma.

Ndipo akavaa miwani, akafungua bahasha.

Picha ilishuka taratibu kutoka juu, mstari kwa mstari, na Gurleen akazunguka kaunta kuja kuangalia pia. Kwanza pazia la hospitali. Halafu shali ya manjano, halafu paji la uso lililokunjamana kwa hasira, halafu mdomo. Ule mdomo Wanjugu aliujua. Alikaa nao meza moja miaka mingi, ukimwambia chai haina sukari. Chini ya picha Mbuthia alikuwa ameandika:

"Gerishon. Huku tumeshaanza kumwita Baba. Mama, ukiona si sawa niambie."

Alilisoma mara ya pili kwa sauti, ili Gurleen asikie, na ili yeye mwenyewe asikie. Kijana alikuwa amempa mtoto jina la mtu ambaye, kwa ajuavyo, hakuwahi kumpigia simu hata mara moja. Alilitoa bure, bila kulipwa hata na neno. Na wakati huohuo mzee alikuwa amepaka chumba rangi kwa ajili ya mtu ambaye, kwa ajuavyo, alikuwa anashika simu na kukataa kusema. Wanjugu aliwapenda wote wawili kwa wakati mmoja, na akawakasirikia pia, maana wangekuwa hawafanani hivyo yote haya yasingetokea.

"Amefanana na yeye," alisema Gurleen. "Mpaka hasira."

"Mpaka hasira," Wanjugu alikubali, akapangusa miwani kwa sweta.

Gurleen alikwenda kumtilia chai. Chai haikuwa imefika mezani simu ilipoanza kutetemeka mkononi mwa Wanjugu, na kwenye kioo pakaandikwa Mbuthia. Alibonyeza kitufe cha kijani, kile alichokijua, akaiweka sikioni.

"Haloo?"

Hakuna aliyejibu.

"Haloo. Mbuthia?"

Kimya. Si kimya cha mtandao mbovu. Kwa mbali, upande ule, mtoto mchanga alilia kidogo akanyamazishwa, na karibu kabisa na simu kulikuwa na mtu anayejaribu kuvuta pumzi na pumzi inamkatalia. Wanjugu alifumba macho, akaishika simu kwa mikono miwili.

"Mbuthia," alisema, polepole, kwa Kikuyu. "Najua uko hapo. Nasikia unapumua."

Alingoja. Alikuwa tayari kungoja hadi salio la Mbuthia liishe.

"Niko," alisema Mbuthia hatimaye, na hakuwa anamjibu mamake. "Niko, baba. Nimeshika."