Pikipiki ya Obadia Haiuzwi Dukani

Siku ya mashindano ya pikipiki Mtinko, mimi ndiye niliyekagua vyombo. Walinipa kazi hiyo kwa sababu nilifundisha fizikia miaka ishirini, na nusu ya washindani niliwahi kuwanyang'anya karatasi za kuibia mtihani.

Sheria ilikuwa nyepesi: pikipiki iwe ya aina inayouzwa dukani. Tairi, springi na ekzosi ruksa kubadilisha. Fremu na injini vibaki kama vilivyotoka kiwandani.

Obadia, fundi wa kuchomelea, akaja akisukuma kitu ambacho sijapata kukiona. Fremu ya mabomba aliyoyapinda mwenyewe, injini imelazwa mbele. Hakuna taa, hakuna vioo, hakuna nafasi ya abiria.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Hii inauzwa duka gani?"

"Haiuzwi. Iko hii moja tu. Nimeiunda miaka miwili, kazi yake ni kukimbia tu."

Iliniuma kumkatalia. Hakubisha. Nikamwahidi kwamba mbio zikiisha atakimbia peke yake, nami nitampima kwa saa.

Mbio alishinda Rukaiya, dereva wa bodaboda, kwa pikipiki ileile inayopeleka wajawazito kliniki wiki nzima. Mizunguko mitatu kando ya mashamba ya alizeti na josho la ng'ombe, dakika tisa na sekunde kumi. Wenzake walikuwa na pikipiki kama yake kabisa, lakini hawakuwa na mikono yake.

Kisha Obadia. Mashine ile ilichomoka kama imerushwa. Dakika nane na nusu! Watu wakapiga kelele.

Rukaiya akamfuata. "Kaka, naomba nijaribu."

Obadia akashuka, akamshikia usukani.

Mzunguko mmoja alikwenda taratibu akiizoea. Mitatu iliyofuata nikampima: dakika nane na sekunde tano.

Obadia alimkimbilia. Nikahofu ameumia moyo.

"Kona ya josho umepitaje? Mimi pale nafunga breki!"

"Sikufunga. Fremu yako haiyumbi. Yangu pale inarukaruka kama mbuzi, ndiyo maana nimezoea kuilaza pikipiki mapema, kabla ya kona."

Wakapiga magoti kwenye pikipiki ya Rukaiya, Obadia akikagua springi zake, akiuliza, akitikisa kichwa kwa mshangao.

Mwezi uliofuata Rukaiya alikimbiza chombo cha Obadia Singida mjini, kwenye mbio zisizo na masharti. Akawa wa pili. Obadia alinipigia simu kunieleza, akaongea nusu saa nzima, karibu yote habari za kona.