Joto la Kiranja

Nyumba ya Mzee Roshanali, kule Thornhill katika nchi ya theluji, ilijulikana na jamaa wote kwa baridi yake. Waliokwenda kumjulia hali walikaa na makoti yao mabegani, wakaharakisha kunywa chai kabla haijapoa, na aliyethubutu kukitupia jicho kidhibiti joto cha ukutani alikutana na jicho la mwenye nyumba. Mzee alikuwa amesoma shule ya bweni katika milima ya Usambara, enzi ambazo wavulana waliamshwa alfajiri wakaoge maji ya mferejini, na yeye, akiwa kiranja mkuu, alitangulia kuingia majini ili asipatikane wa kulalamika. Tangu hapo aliamini kwamba joto humlegeza mtu, na kwamba amri asiyoifuata mwenye kuitoa si amri. Imani hizo mbili alivuka nazo bahari, akazeeka nazo. Binti yake wa pekee, Masoomah, alizikimbia mara tu alipopata kazi, akapanga katika jengo refu la Etobicoke, upande mwingine wa jiji, ambako, kwa maneno yake mwenyewe, mtu aliweza kuvua soksi.

Masoomah alipougua, na madaktari wakasema hatatoka hospitali karibuni, hakumwomba baba yake kitu kingine chochote ila amchukue nyoka wake.

"Nyoka," alisema Mzee Roshanali, kana kwamba neno hilo alikuwa akilisikia kwa mara ya kwanza.

"Boa, Baba. Mchukulie kama chatu wa kwetu, ila asili yake Amerika ya Kusini. Hana sumu. Anaitwa Kiranja."

"Kwa nini Kiranja?"

"Anakaa kimya pembeni, anamtazama kila mtu, na akikukumbatia huwezi kupumua."

Muuguzi aliyekuwa akibadilisha dripu hakujua Kiswahili, lakini kwa jinsi Masoomah alivyocheka naye alicheka. Mzee hakucheka. Ila alipokuwa peke yake garini, akingoja taa katika barabara ya Bathurst, alijikuta midomo ikimcheza.

Nyoka alihamishwa akiwa ndani ya foronya iliyofungwa fundo, juu ya mapaja ya Mzee mwenyewe, kwa sababu vijana wawili wa msikitini waliokuja kubeba sanduku la kioo walikataa katakata kuushika mzigo huo. Sanduku likawekwa katika chumba alichokulia Masoomah. Kazi ya kulipasha joto ikamwangukia mtu ambaye maisha yake yote aliliona joto kuwa anasa.

Aliyemfundisha ni Masoomah, kutoka kitandani. Upande mmoja wa sanduku uwe na joto la kutosha, upande wa pili uwe na ubaridi wa wastani, na kila upande uwe na pango dogo la kujificha, ili mnyama achague mwenyewe. Chini ya upande wa joto utandikwe mkeka wa umeme, nao uunganishwe na kidhibiti chake, usije ukamchoma tumbo. Maji yasikauke kwenye bakuli. Hewa ya ndani inyunyiziwe maji, maana nyumba za huku wakati wa baridi hukauka kama jivu.

"Na taa ya joto nimeitundika ndani, juu ya kichwa chake," Mzee aliripoti siku ya kwanza, akiona amefanya vyema.

"Ndani? Baba! Itoe. Atajizungusha kwenye taa aungue. Nyoka hajui kama anaungua mpaka awe ameshaungua. Taa inakaa nje, juu ya wavu."

"Ningejuaje?"

"Ungeuliza, Baba. Watu huuliza."

Aliitoa jioni ile ile. Akanunua kipimajoto, kisha akanunua cha pili ili kimhakiki cha kwanza. Alipika kidogo sana, lakini kila mara kabla ya kula alikwenda kusoma nyuzi za joto la Kiranja. Katika jokofu la kugandisha, sambusa za dada yake Jenabai zililala ubavuni mwa panya weupe waliofungwa mmoja mmoja. Jenabai, aliyekuja kutoka Scarborough kila Alhamisi, alipofungua jokofu siku moja alipiga kelele iliyomfikia jirani.

"Kaka! Panya na sambusa zangu?"

"Wamefungwa vizuri."

"Wamefungwa! Na huyo mdudu wako atakapotoka, naye utamfunga vizuri?"

Tangu siku hiyo Jenabai hakukikaribia chumba kile. Alipita ukumbini ameugeuza uso, akisoma dua.

Kwa majuma mengi Kiranja alikataa kula. Alilala amejikunja chini ya taa, ameukazia mlango macho yake yasiyopepesa. Kila Mzee alipoingia hospitali, swali lilikuwa moja: "Amekula?" Naye hakujua kudanganya. Alijibu kwamba bado. Kisha akaketi wakazungumza juu ya nyuzi, unyevu, na namna nyoka anavyojinyoosha jioni, na ndani ya mazungumzo hayo, bila yeyote kati yao kulitaja jambo hilo, baba na mwana walizungumza zaidi ya walivyowahi kuzungumza tangu Masoomah awe mtu mzima.

"Unajua kwa nini nampenda?" binti alimwambia siku moja. "Wewe una joto lako mwenyewe, Baba, hata ukijinyima. Yeye hana. Anaishi kwa lile analopewa."

Hatimaye Kiranja alikula. Mzee alimwona akimkamata panya aliyeyeyushwa kwa maji moto, akimbana, akimmeza taratibu mpaka uvimbe ukaonekana katikati ya mwili. Aliendesha gari hadi hospitali bila kuvaa kofia.

"Amekula."

Masoomah alifumba macho, akatabasamu kwa muda mrefu. Kisha akamshika baba yake mkono.

"Sasa nisikilize. Chakula chake hakipikwi tumboni kwa nguvu zake, kinapikwa na joto la nje. Ukimwondolea joto akiwa ameshiba, kile chakula kinaoza ndani kwa ndani. Usimwache apoe. Niahidi."

"Nimekuahidi."

Kwa waliomjua Mzee Roshanali, hakuhitaji kuongeza neno.

Masoomah alifariki kabla ya juma hilo kwisha, mchana, theluji ikianguka nje ya dirisha la hospitali. Mzee hakulia. Alisaini alichotakiwa kusaini, akawapigia simu waliostahili kupigiwa, akarudi nyumbani akakuta wanawake wa jamaa wamekwisha kujaa jikoni. Alisimama mbele yao wima, koti limefungwa vifungo vyote.

"Kwa wazee wetu Tanga, nyumba ya msiba haikoki moto mpaka itimie siku ya tatu," alisema. "Nyumba hii itafuata hivyo hivyo. Moto wowote usiwashwe."

"Hata wa chai, kaka?" Jenabai aliuliza.

"Hata wa chai. Italetwa kutoka msikitini."

"Na hicho kifua chako kinachokohoa, bila kitu cha moto?"

"Jena."

"Haya. Nimesikia."

Jenabai alikuwa mtu wa kusikia. Tangu utotoni alimtii kaka yake kuliko kaka huyo alivyotiiwa na mvulana yeyote bwenini.

Walimzika Masoomah katika ardhi ambayo ilibidi ivunjwe kwa mashine. Kwa siku zilizofuata Mzee alisimama penye mlango wa mbele akipokea rambirambi, akimshukuru kila mtu kwa jina lake. Sebuleni wanawake walisoma Kurani, wameketi juu ya shuka zilizotandikwa sakafuni. Watu walinong'ona kwamba hawajapata kuona mwanamume mwenye subira kama ile.

Siku ya tatu, hitima ilipokwisha na wageni wakatawanyika, alikwenda kwenye chumba cha binti yake, akafungua mlango.

Kwanza alihisi baridi usoni. Taa ilikuwa imezimwa. Nyaya zote mbili, wa taa na wa mkeka, zilikuwa zimechomolewa ukutani, zikakunjwa vizuri na kufungwa fundo dogo katikati, kama Jenabai alivyozoea kuukunja waya wa pasi. Kabati la shuka lilikuwa wazi nusu. Ndani ya kioo, Kiranja alilala mahali pale pale penye joto la zamani, ameinua kichwa juu kana kwamba anatafuta hewa, na mbele yake palikuwa na panya aliyetapikwa, ananuka. Kila alipovuta pumzi palisikika mluzi mwembamba, na povu likamtoka pembeni mwa kinywa.

Mzee alimtoa sandukuni, akafungua vifungo vya koti na vya shati, akamweka kifuani, ngozi kwa ngozi. Baridi ya mnyama yule ilimpenya mpaka mgongoni. Garini akafungulia joto lote, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu alinunue gari hilo, akateremka Bathurst huku jasho likimtiririka machoni.

Daktari wa wanyama alikuwa binti wa watu wa Mombasa, jina lake Wajiha. Kiswahili alikielewa, ila alikitamka kwa uangalifu.

"Mapafu yamejaa, Baba," alisema alipokwisha kusikiliza. "Nitampa dawa, na joto nitamrudishia polepole. Lakini alikuwa ameshiba alipopoa. Hiyo ndiyo mbaya."

"Nilijua," alisema Mzee. "Niliambiwa."

Kesho yake asubuhi Wajiha alipiga simu mwenyewe. Kiranja alikuwa amekufa.

Alhamisi Jenabai alikuja na sufuria ya kichri, wali uliochanganywa na choroko, aliyoipika kwake. Aliikuta nyumba kimya, na kaka yake ameketi sebuleni na sweta.

"Mbona chumba kiko wazi? Yule mdudu umempeleka wapi?"

"Amekufa."

"Inna lillahi... Sijui kama husemwa kwa nyoka. Kafa kwa nini?"

"Kwa baridi."

Jenabai aliiweka sufuria mezani taratibu sana. Mzee alimwona akirudi nyuma kwa fikira, hatua baada ya hatua, mpaka akafika kabatini.

"Ile taa," alisema. "Niliingia kuchukua shuka, nikaiona inawaka. Ulisema moto wowote, kaka. Nilizing'oa nyaya zote, hata sikumtazama kwa hofu. Nilidhani..."

"Ulidhani sawasawa. Niliamuru, ukatii."

"Ungeniambia!"

"Ningekuambia. Sikukuambia."

"Kitu cha mtoto, kitu chake pekee, nimekiua kwa mkono wangu."

"Bwenini kwetu, wa kutumwa hakuadhibiwa. Aliadhibiwa kiranja aliyemtuma. Usilitwae kosa hili, Jena. Ni langu."

Jenabai alijifuta macho kwa ncha ya mtandio. Lakini hakutulizwa.

"Mimi si mvulana wa bweni lenu," alisema. "Na wewe siku zote hizo ulikuwa humu humu ndani. Hukuingia kumwangalia hata mara moja?"

Angeweza kusema kwamba wageni walikuwa wengi. Ilikuwa kweli.

"Nilifika mlangoni," alisema. "Kila asubuhi. Nilishika kitasa."

"Kisha?"

"Mlikuwa mmejaa hapa. Ningeingia kwenye vitu vyake, mngenisikia."

"Tungekusikia unafanya nini, kaka?"

Mzee Roshanali alitazama mikono yake.

Jenabai hakuuliza tena. Aliinuka, akaenda kwenye kidhibiti cha ukutani ambacho hakuna mgeni aliyepata kukigusa, akakizungusha mpaka kikagoma. Kaka yake hakumzuia. Chini ya sakafu mashine ya joto ikanguruma. Kisha Jenabai akachukua sufuria yake, akaingia jikoni, akawasha jiko apashe kichri, akavigongesha vyombo kwa kelele nyingi kuliko kazi ile ilivyohitaji, ili asimsikie kaka yake akilia.